Mto wa Nyumbani Hautunzwi kwa WhatsApp

Mwezi huu nilikusudia kuandika juu ya mafua ya majira ya baridi na chanjo za watoto. Nimeyaweka kando hadi mwezi ujao, kwa sababu kuna jambo limenikalia moyoni tangu Septemba, na najua wengi wenu mko katika makundi ya watu wa kwenu yanayopanga mambo kama haya. Pengine kosa letu litawaokoa ninyi na la kwenu.

Kwetu ni Matombo, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Ni nchi ya mvua, migomba, mananasi, mdalasini na pilipili manga. Kijito chetu kinashuka milimani kwa kelele, kinapita chini ya shamba la mama, kisha kinakwenda kujiunga na wenzake mpaka mto Ruvu. Sehemu kubwa ya maji yanayonywewa Dar es Salaam yanatoka Ruvu. Kwa hiyo ukikaa Mbagala au Ubungo ukafungua bomba, huenda unakunywa maji yaliyopita kwetu kwanza.

Septemba mdogo wangu alituma video. Alikuwa amesimama katikati ya kijito, na viatu vyake vikavu. Mahali pale ndipo tulipokuwa tunafua, na mama alikuwa akituchapa tukivuka jiwe kubwa kwa sababu upande wa pili palikuwa na kina. Sasa jiwe limekaa peke yake kama mtu aliyeachwa na basi. Kuna vidimbwi viwili vitatu, na kingo zote mbili zimelimwa hadi mwisho, udongo mwekundu unamomonyoka.

Niliitupa video ile kwenye kundi letu la WhatsApp. Tuko 34, watu wa tarafa moja tuliotawanyika Uingereza, Oman na Marekani. Usiku ule simu haikunyamaza. Wengine walilia, wengine wakalaumu serikali, wengine wakawalaumu vijana waliobaki nyumbani. Kufikia asubuhi tulikuwa tumeamua kuanzisha mfuko wa udhamini wa kuhifadhi bonde lile, na mimi nimechaguliwa katibu. Wauguzi mnajua jinsi tunavyochaguliwa. Mtu akisikia wewe ni nesi anadhani unapenda kuandika ripoti.

Mto wa jirani yangu hapa London

Wazo la mfuko halikutoka hewani. Mimi ndiye niliyelileta, na nililitoa kwenye mto ninaopita kando yake kila nikitoka zamu ya usiku.

Naishi kusini mwa London, karibu na mto Wandle. Ni mto mfupi, kama kilomita 14 tu, unaoanzia Croydon na Carshalton na kuingia Thames pale Wandsworth. Maji yake yanatoka kwenye miamba ya chaki, na kwa asili ni maangavu kabisa. Lakini huko nyuma mto huu ulifanyishwa kazi kama punda. Ulijaa vinu vya kusaga unga, ugoro na karatasi, na viwanda vya kupiga chapa vitambaa. William Morris, yule msanii wa nakshi za maua, alihamishia kiwanda chake kando ya Wandle pale Merton mwaka 1881. Kufikia miaka ya 1960 mto ulikuwa umekufa. Wakuu wenyewe waliuhesabu kuwa mfereji wa maji machafu.

Leo kuna samaki wa trauti ndani yake, katikati ya London, nyuma ya maduka ya samani na vituo vya mabasi. Haikutokea kwa bahati. Kulikuwa na sheria za kusafisha maji taka, ndiyo, lakini kulikuwa pia na majirani waliovaa mabuti marefu na kuingia mtoni kutoa matairi, magari ya kusukumia bidhaa za supamaketi na pikipiki zilizotupwa. Kikundi kile kikawa mfuko uliosajiliwa, Wandle Trust, na baadaye kikapanuka kuhudumia mito mingine ya kusini mashariki ya Uingereza. Walipeleka mayai ya trauti katika shule, watoto wakayaangua kwenye tangi darasani, kisha wakawaachia vifaranga mtoni.

Na mwaka 2007, dawa kutoka kwenye mtambo wa kusafisha maji taka ilipomwagika mtoni na kuua maelfu ya samaki, mto ulikuwa tayari na watu wa kuudai haki yake. Kampuni iliyohusika ilikubali kutoa pesa za kuurudisha katika hali yake. Mto usio na mwenyewe haupati fidia.

Hata wazo lenyewe la kuwa na wadhamini wa mashamba na mabonde lina historia ndefu hapa. National Trust ilianzishwa mwaka 1895 na watu watatu: Octavia Hill, mama aliyetumia maisha yake kuboresha nyumba za maskini wa London, mwanasheria Robert Hunter, na kasisi Hardwicke Rawnsley. Octavia Hill aliwaona wapangaji wake wakiishi chumba kimoja familia nzima bila hata pa kupumulia, akasema watu maskini nao wanahitaji majani na anga. Sheria ya mwaka 1907 iliipa National Trust uwezo wa kutangaza kwamba ardhi fulani haitauzwa kamwe. Vipande kadhaa vya bonde la Wandle, kama Morden Hall Park, viko mikononi mwake hadi leo.

Basi mimi nikajiambia, kama Wandle umefufuka, wa kwetu utashindwaje? Nilichosahau ni kwamba watu waliofufua Wandle walikuwa wanakaa kando ya Wandle.

Karatasi niliyoandika saa tisa usiku

Niliandika katiba ya mfuko kwa wiki mbili, nyingine nikiwa kazini wakati wa mapumziko, saa tisa usiku, chai ikipoa pembeni. Nilichukua mfano wa katiba za mashirika ya hisani ya hapa na kubadilisha majina. Ilikuwa kwa Kiingereza, kurasa 19. Wadhamini saba: wawili London, mmoja Leeds, mmoja Reading, wawili Muscat na mmoja Houston. Shabaha ya kwanza ilikuwa kuzuia kilimo ndani ya mita 60 kila upande wa kijito, kuweka uzio, kupanda miti na kuajiri mlinzi.

Mita 60 sikuziota. Ni sheria ya Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57. Inakataza shughuli za kudumu za binadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Nilijivuna kwa kuigundua. Kundi zima lilinipongeza kwa vidole gumba. Tukachanga paundi 2,300 mwezi wa kwanza, kisha nikamtumia mdogo wangu karatasi ile amsomee mjomba.

Kwetu Waluguru, kwa wasiojua, ukoo unafuata upande wa mama, na ardhi ni ya ukoo. Mjomba ndiye mwenye kauli. Alinipigia Jumapili, nikiwa nasuka nywele za binti yangu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Baridi huko?"

"Baridi mjomba. Nyumbani wote wazima?"

"Wazima. Nimesomewa karatasi yenu. Mdogo wako alitafsiri, ikatuchukua jioni mbili. Sasa nina swali moja. Hizo mita 60 umezipima?"

"Mjomba, ni sheria ya nchi."

"Sikuulizi sheria. Nauliza umezipima? Maana mimi nimezipima kwa miguu yangu. Kwa upande wetu zinapita bustani yote ya mama yako, zinapita mfenesi, zinakuja kuishia hapa jikoni."

Sikuwa na jibu. Akaendelea kwa sauti ile ile ya taratibu.

"Basi niambie nimweleweshe mama yako. Mchicha wake ataung'oa yeye mwenyewe, au atang'olewa na huyo mlinzi mtakayemlipa?"

Wasomaji wangu, lazima niwaeleze bustani ile ni nini. Ni vipande vinne vya ardhi nyeusi kando ya maji, vya mchicha, matembele, nyanya na magimbi. Wakati wa kiangazi, mashamba ya juu yakikauka, bustani zile ndizo peke yake zenye kijani, na ndipo mboga zinapokuwa na bei gulioni. Nilipopata nafasi ya kusomea stashahada ya uuguzi, baba alikuwa ameshafariki. Ada ya miaka mitatu ilitoka kwenye matembele yale. Hata nauli ya basi la kwanza kwenda chuoni ilinuka nyanya. Shahada niliyoipata huku Uingereza imejengwa juu ya stashahada ile, na stashahada ile imejengwa ndani ya mita 60.

Nami, kwa mkono wangu, kwa Kiingereza safi, niliandika kwamba mahali pale ni uharibifu.

Kilichotokea 1955

Mjomba hakuwa amemaliza. "Jambo la pili," akasema, "muulize bibi yako juu ya matuta."

Bibi alitangulia mbele ya haki miaka mingi, na mjomba anajua hivyo. Alimaanisha nikumbuke hadithi ambayo bibi alikuwa akituhadithia tukipepeta mchele. Mimi nilidhani ni hadithi ya kale tu, mpaka nilipoisoma katika vitabu vya historia hapa chuoni.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni ya Kiingereza iliona udongo wa Uluguru unamomonyoka na mito inachafuka. Hapo hawakukosea, udongo ulikuwa unakwenda kweli. Wakaanzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru, na dawa yao ikawa matuta ya ngazi. Kila kaya ilitakiwa kuchimba matuta mlimani, na asiyechimba alishtakiwa na kutozwa faini. Wananchi walisema matuta yanafukua udongo usio na rutuba, mazao hayatoki, na kazi inawala nguvu wakati wa kilimo. Hawakusikilizwa. Mwaka 1955 wakakusanyika huko huko Matombo kupinga, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akauawa. Baada ya hapo mpango ule ukafa, na matuta yakaachwa.

Bibi hakuwahi kusema wazungu walikosea juu ya udongo. Alisema, "Walikuja kututibu bila kutuuliza panapouma."

Mimi ni muuguzi. Hilo ni somo la wiki ya kwanza. Humchomi mgonjwa sindano kabla hajakubali, hata kama dawa ndiyo yenyewe. Unakaa kando ya kitanda, unaeleza, unasikiliza, na akikataa unarudi kesho. Nafanya hivyo kila siku kwa wazee wa Kiingereza nisiowajua. Kwa mama yangu mzazi nilituma kurasa 19.

Lakini nisijidhulumu pia. Video ya mdogo wangu ni ya kweli, na kijito kinakauka. Kumwachia kila mtu alime mpaka majini kwa sababu ada za watoto zilitoka humo ni kuwanyima watoto wengine maji ya kumwagilia matembele yao. Nilimwambia mjomba hivyo, akacheka kidogo. "Sasa unaongea. Njoo tuyazungumze hayo."

Mdhamini ni nani

Sikuweza kusafiri, likizo ilikuwa imekwisha. Tulizungumza kwa simu, jioni tano, mjomba akiwa amekaa na wazee wanne, na mdogo wangu ameshika simu. Nawaandikia hapa yale tuliyoyapata, kwa ajili ya yeyote anayetaka kuanzisha kitu kama hiki kwao, iwe ni Usambara, Kilimanjaro, Taita au Njombe.

Kwanza, elewa neno lenyewe. Mdhamini anashika kitu kisicho chake kwa faida ya wengine. Kila zamu mimi hukabidhiwa funguo za kabati la dawa. Dawa si zangu, wala sipewi asilimia. Nikiondoka nazihesabu mbele ya mwenzangu na wote tunatia sahihi. Kama huwezi kuwa mdhamini wa namna hiyo, changa pesa tu, uwaachie wengine funguo.

Pili, tenganisha chombo cha kuchanga na chombo cha kutunza. Ukiwa Uingereza unaweza kusajili shirika la hisani kwa Charity Commission. Faida yake moja kubwa ni kwamba mtu anayelipa kodi hapa akitoa paundi 1 na kujaza fomu ya Gift Aid, serikali inaongeza senti 25 juu yake. Lakini wadhamini wa hapa wanawajibika kuhakikisha pesa iliyovuka bahari imefanya kazi iliyokusudiwa, kwa hiyo risiti na ripoti si hiari. Chombo cha kutunza bonde kiwe nyumbani, chenye watu wa nyumbani. Tanzania, wadhamini husajiliwa kwa RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, chini ya sheria ya kuunganisha wadhamini, Sura ya 318. Wakishasajiliwa, bodi ile inakuwa kama mtu mmoja kisheria. Inaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa, na mdhamini mmoja akifa mali haiendi kwa watoto wake.

Tatu, usikimbilie kununua ardhi. Hili liliwaudhi wengi katika kundi letu, hasa wenye uwezo. Walitaka kununua kingo zote na kuzifungia. Lakini chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ardhi ya kijiji inasimamiwa na Halmashauri ya Kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na ugawaji hupitia Mkutano Mkuu wa Kijiji. Na wale waliochukua uraia wa Uingereza au Marekani wakumbuke kwamba Tanzania haina uraia pacha kwa mtu mzima, na umilikaji wa ardhi kwa asiye raia una masharti yake. Kati ya wadhamini wetu saba, wanne walikuwa na pasipoti nyekundu au ya bluu ya watu wengine. Tungeanza kwa kuvunja sheria huku tukidai sheria ifuatwe.

Nne, uliza vyombo vilivyopo kabla ya kuunda kipya. Maji ya Tanzania yamegawanywa katika mabonde tisa, kila moja na bodi yake. Letu ni Bonde la Wami/Ruvu, na ofisi yake iko Morogoro mjini. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaruhusu wanaotumia chanzo kimoja kuunda Jumuiya ya Watumia Maji na kuisajili kwa bodi ya bonde. Jumuiya hiyo inaweza kugawana maji kwa zamu wakati wa kiangazi, kusuluhisha ugomvi na kulinda chanzo. Vijiji pia vinaweza kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi, kwa sheria ya mwaka 2007, ambao unaonyesha kwenye ramani wapi ni kilimo, wapi ni malisho, wapi ni hifadhi. Mpango ukipitishwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji una nguvu kuliko katiba yoyote iliyoandikwa London.

Tano, anayeacha kulima alipwe kwa njia fulani. Hapo hapo Uluguru, upande wa Kibungo Juu, mashirika ya CARE na WWF yaliwahi kuendesha mpango ambao watumiaji wa maji walio chini ya mto, pamoja na shirika la maji la Dar es Salaam, walichangia malipo kwa wakulima wa juu waliotunza udongo kwa kupanda miti, kuweka majani kwenye miteremko na kutengeneza matuta. Ndiyo, matuta yale yale ya babu zao. Safari hii walikuwa wamekubaliana na wanalipwa.

Sita, miti. Tulikuwa tumepanga mikaratusi kwa sababu inakua haraka na picha zake zinapendeza. Wazee walikataa katakata, nao wako sahihi, mkaratusi unakunywa maji mengi na hautakiwi karibu na chanzo. Walitaja mikuyu na mikangazi, na matete ya kushika kingo. Hiyo ndiyo miti waliyoikuta utotoni.

Mama alivyoamua

Jioni ya tano mama mwenyewe alichukua simu. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha kwa maneno marefu, akanikatiza.

"Nilijua bustani inaukaribia mto mno," akasema. "Kila masika mto unakula kipande, nami kila kiangazi nasogea tena. Sikuwa na pengine. Sasa sikiliza. Nitawaachia hatua kumi za mwanzo mwaka huu, mpande hayo matete yenu. Mkinivutia maji ya mpira mpaka shamba la juu, nitawaachia na zilizobaki. Bila maji, sitoki."

Hatua kumi si mita 60. Mjomba anajua, mimi najua, na ofisi ya bonde nayo inajua, kwa sababu mdogo wangu alikwenda kuwaeleza. Mashauri yao yakawa tuanze na mkutano wa kijiji, kisha jumuiya, kisha mpango wa ardhi. Kaya 11 zinazolima kando ya kijito zimeitwa. Saba zimekubali masharti kama ya mama. Mbili zimesema zitasubiri kuona. Mbili zimesema sisi wa Ulaya tukome, na mmoja wao ni mtu aliyenifundisha kuogelea pale kwenye jiwe.

Huku kwetu nako hakukupona bila jeraha. Katiba ya kurasa 19 tumeiweka kando. Ya sasa ni kurasa nne za Kiswahili, na imesomwa kwa sauti mbele ya watu. Wadhamini wa nyumbani ni watano, watatu kati yao wanawake wenye bustani mtoni, na jina langu halimo. Mimi na wenzangu tumebaki kamati ya kuchangisha, bila kura juu ya ardhi. Watu tisa wametoka kwenye kundi. Mmoja aliandika kwamba hatoi pesa yake mahali asipokuwa na sauti. Nilimrudishia paundi zake 150 siku ile ile, na risiti juu.

Simlaumu sana. Miaka sita iliyopita tulichangia miti ya shule, tukatumiwa picha za miche, na baadaye tukajua picha zile ni za bustani ya miche ya mtu mwingine kabisa. Mtu aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ukamba. Ndiyo maana safari hii mweka hazina wa nyumbani anasoma hesabu kila mwezi kwa sauti mbele ya kijiji, na karatasi inabandikwa ukutani pa ofisi ya kijiji kabla haijapigwa picha kuletwa WhatsApp. Kijiji kione kwanza, sisi baadaye.

Paundi zilizobaki zimenunua mpira, tangi moja na viungio vyake. Mafundi ni vijana wa kijijini. Maji yatachukuliwa juu kidogo, kwa kibali cha bonde, na yatagawanywa kwa zamu. Kama yatatosha kaya zote saba, tutajua kiangazi kijacho.

Kwa wanafunzi mnaosoma gazeti hili, ninyi wa sheria, uhandisi wa maji, misitu, ramani za kompyuta: kazi ipo. Huhitaji kuwa tajiri. Sisi tuliokolewa na mwanafunzi mmoja wa Muscat aliyetusomea sheria tatu kwa Kiswahili chepesi ili wazee waulize maswali. Ukipata likizo, nenda nyumbani ukae kando ya mto wiki moja kabla ya kutoa ushauri wowote.

Na kwa wazazi wenzangu: binti yangu ana miaka minane. Juzi tulisimama darajani kwenye Wandle akinionyesha samaki, nikamwambia samaki wale watoto wa shule walisaidia kuwarudisha. Akaniuliza, "Mama, kwenye mto wa bibi kuna samaki gani?" Nikamwambia zamani kulikuwa na kambale na ningu. Akauliza kama bado wapo. Tulimpigia bibi yake tumuulize. Bibi alisema anaona vidogo vidogo kwenye kidimbwi chini ya jiwe, hajui ni vya aina gani, lakini amewakataza watoto kuvichota.

Mwezi ujao ni mafua na chanjo, naahidi. Vaeni soksi.